Kibuyu cha Chepkemei

Chepkemei alikuwa amelazwa miguu juu, kichwa chini. Matofali mawili mawili yaliwekwa chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo, na daktari alikuwa ameapa kwamba atakayeyaondoa atafukuzwa wodini, hata kama ni sista mkuu. Mimba tatu zilikuwa zimeshamtoka. Hii ya nne ilikuwa na miezi saba, na ilifika hapo kwa kulala tu, tangu Aprili hadi Julai ya mwaka huo wa 1987, katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya Bungoma.

"Wili," alisema, "nataka uende Kitale."

Wilkista alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimmenyea ndizi. "Kufanya nini?"

"Mbelewele zinatoka wiki ijayo."

Kwa asiyejua, mahindi ya mbegu si mahindi ya ugali. Hupandwa mistari sita ya majike kwa miwili ya madume, na kila jike lazima ling'olewe mbelewele, lile ua la utosini, kabla halijafunguka na kumwaga vumbi lake la manjano. Likimwaga, shamba limejizalisha lenyewe, na mbegu imeharibika. Mkaguzi wa kampuni akipita akakuta maua zaidi ya moja katika kila mia, anafunga daftari lake anaondoka, na jasho la mwaka mzima linakwenda kusagwa posho. Ni kazi ya wiki mbili, kila siku ya Mungu, mstari kwa mstari, mvua inyeshe isinyeshe.

"Si bwana yako Kimeli yuko?" Wilkista aliuliza.

"Kimeli ni mwanaume. Akiangalia shamba anaona shamba. Hao wanawake wa kibarua watampita hivi hivi. Hiyo kazi inataka jicho, na jicho ni mimi na wewe."

Ni kweli. Wakiwa wasichana wa shule walifanya kazi hiyo likizo tatu mfululizo, kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Cherangani, mmoja mstari huu, mwingine ule, wakila sahani moja. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka minne ya bweni. Na miaka sita iliyopita, Wilkista alipofukuzwa na mumewe kule Matulo kwa kosa la kutozaa, Chepkemei ndiye aliyefika na pikapu ya kukodi akambebea cherehani yake, wakwe wamesimama uani wakitazama kama watu wanaotazama takataka ikizolewa. Alipomaliza kupakia aligeuka akawaambia, "Haya, mbaki salama na wajukuu wenu." Wilkista alicheka mpaka Webuye, kisha akalia mpaka Bungoma.

"Watu watasema nini, mimi kwenda kukaa na bwana yako?"

"Utalala kwa Kogo. Mama mkwe wangu yuko pale pale bomani." Chepkemei alitazama dari kidogo. "Ingekuwa mtu mwingine nisingemtuma."

Wilkista akafunga kibanda chake cha ushonaji pale Kanduyi, akabandika karatasi mlangoni: Nimesafiri, nguo zenu ziko salama.

*

Shamba la Kimeli lilikuwa ekari nane, upande wa Endebess, mlima ukilitazama kwa juu. Kimeli mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, shemasi wa kanisa, mwenye tabia ya kula amesimama kana kwamba kiti ni cha mgeni. Alimwita Wilkista "shemeji" na kumpokea mfuko kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza tu Wilkista aliwarudisha vibarua mstari wa kwanza. Walikuwa kumi na wawili, wakiongozwa na mwanamke mmoja mnene aitwaye Nyaruai, asiyependa kurudishwa.

"Huyu ni nani ati anatuhesabia?"

"Ni macho ya Chepkemei," Kimeli alisema. "Akisema rudi, rudini."

Wilkista hakusahau neno lile. Mumewe wa Matulo hakuwahi kusimama upande wake hata mbele ya kuku.

Kazi ilianza alfajiri majani yakiwa bado na umande, ikakata mikono na kuchoma shingo, na saa ya chai yeye na Kimeli waliketi juu ya magunia penye mwisho wa mistari. Hapo ndipo Kimeli alipoongea, na alichoongea kilikuwa kimoja tu. Kwamba Chepkemei hulala amemshika yeye sikio. Kwamba mimba ya pili ilipotoka alikwenda yeye mwenyewe kuzika, na aliporudi alimkuta mkewe anapalilia maharagwe, akashika jembe akapalilia kando yake mpaka giza. Kwamba tangu Aprili hajaosha kikombe cha mkewe, kimekaa rafuni na majani yake ya chai yamekaukia ndani.

"Nakuchosha, shemeji."

"Hunichoshi."

Wilkista alikuwa na miaka thelathini na minne, na hajawahi kusikia mwanamume akimzungumzia mke hivyo. Alisikiliza kwa ajili ya rafiki yake siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tano alijikuta anaingoja saa ya chai tangu kupambazuka. Siku ya sita Kimeli alimuuliza, "Na wewe, wewe huchoki?" na swali hilo dogo, ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, likamtoa machozi, akasingizia vumbi la mahindi. Alikuwa amempenda mume wa Chepkemei kwa kumsikia anavyompenda Chepkemei. Mambo ya ajabu haya, lakini ndivyo yalivyokuwa, na penzi haliombi ruhusa kwa mwenye nyumba.

*

Jumapili vibarua hawakuja. Wote ni watu wa kanisa, na Kimeli mwenyewe hakuwahi kushika kazi siku ya Bwana tangu abatizwe. Alitoka amevaa koti lake jeusi, Biblia kwapani, akamkuta Wilkista uani amefunga lesso kiunoni.

"Leo si siku ya kazi, shemeji."

"Maua hayajui Jumapili. Jua la jana limeyaivisha yote. Tukiyaacha mpaka kesho yatakuwa yamefunguka."

Kimeli alitazama barabara ya kanisani, akatazama shamba. Kogo, mama yake, akasonya, akaenda kanisani peke yake na fimbo yake. Kimeli akarudi ndani, akatoka na shati la kazi.

Wakafanya kazi wawili tu katika ekari nane, karibu wakikimbia. Nyimbo za kanisani zilisikika ng'ambo ya bonde. Saa sita hivi kitambaa cha kichwa cha Wilkista, cha buluu chenye maua meupe, kilinaswa na jani kikabaki nyuma. Kimeli, aliyekuwa mstari wa pili, akakichukua, akapenya mahindi kumletea. Akafika, wala hakumpa.

"Wilkista," alisema.

Siku sita alikuwa shemeji. Wilkista alisikia jina lake, akang'oa mbelewele iliyokuwa mbele yake.

"Niite shemeji."

"Siwezi."

"Kimeli, niite shemeji."

"Nimejaribu tangu jana."

Wakasimama hivyo, mbelewele mikononi, wakitazamana kama watu waliofumaniwa. Yeye alikuwa analia, yule mwanamume. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo, na mtu akikwambia kilitokea, mwambie hakuwepo. Lakini tusidanganyane. Wilkista hakurudi nyuma hata hatua, na laiti Kimeli angenyoosha mkono, asingeuondoa.

Ni Kimeli aliyegeuka kwanza. Wakamaliza shamba, yeye upande wa mtoni, Wilkista upande wa barabara, na jioni ile kabla ya jua kuzama Wilkista alikuwa amefunga mfuko wake. Alijua kwamba akiondoka siku nne kabla ya mkaguzi, shamba limekwisha. Akibaki, kingekwisha kitu kingine, nacho hakipandwi tena mwezi wa tatu. Akaamua kuondoka Jumatatu asubuhi.

*

Jumatatu asubuhi Mbugua mwenye duka, mwenye simu pekee pale sokoni, alikuja mwenyewe mbio akihema.

"Hospitali imepiga. Mama anavuja damu. Wanampeleka kupasuliwa. Wanasema bwana afike upesi."

Kimeli aliondoka na viatu vya shamba. Mlangoni alimtazama Wilkista, akatazama mfuko uliofungwa. Wilkista akaufungua mfuko.

Jioni hiyo Kogo alimwita. Bibi huyu alikuwa mfupi, mkavu, na alimpenda mtu kwa kazi yake, basi. Alitungua ukutani kibuyu kirefu kilichozungushiwa shanga, akakiweka mapajani mwa Wilkista pamoja na ufito wa kusafishia na kipande cha mkaa.

"Safisha. Tia maziwa ya mursik."

"Hiki si cha Chepkemei?"

"Kilikuwa cha Chepkemei." Bibi akaketi. "Msichana wa Bungoma, mimi nimeona. Kijana wangu anakula sasa. Huyo mwenzako ni mtu mzuri, sisemi vibaya, lakini amezika watatu, na leo sijui anazikwa nani. Nyumba haikai bila mikono. Wewe una mikono."

"Mimi sizai, Kogo. Ndiyo maana nilifukuzwa."

"Mtoto akipona atataka mama. Asipopona, Kimeli atataka mtu."

Wilkista angeuliza maana ya kupewa kibuyu kile. Alihisi ina maana. Yeye ni Mbukusu, mila za boma hili hakuzijua, na mtu asiyetaka jibu haulizi. Akasugua kibuyu kwa mkaa, akatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, yagande yawe mursik, akafunga mfuniko.

Siku nne zilizofuata alilinda shamba peke yake, na hakukuwa na habari, maana simu ya Mbugua ilikatika kwa mvua. Aliwarudisha Nyaruai na wenzake mstari mara mbili, mara tatu. Alimwombea Chepkemei kila hatua, tena kwa moyo wote. Na Jumatano, alipoingia nyumba ya Kimeli kuchukua magunia, alijikuta amesimama sebuleni akipima kwa macho mahali ambapo cherehani yake ingekaa, pale dirishani, penye mwanga. Alipogundua anachofanya alitoka nje akashika nguzo ya boma. Mtu anaweza kuomba rafiki yake apone na papo hapo akapanga samani. Wilkista hakujua jambo hilo juu yake mwenyewe mpaka siku ile, na tangu siku ile hakuwahi kumsema mtu vibaya.

Ijumaa mkaguzi alikuja. Alitembea shamba zima na kalamu yake, saa tatu nzima. Alikuta maua mawili.

"Nani alisimamia hapa?"

"Mwenye shamba," Wilkista alisema.

*

Jumamosi saa nne asubuhi alifika hospitalini, kibuyu kifuani amekifunika kwa lesso. Kimeli alikuwa kwenye bomba la nje anaosha nguo ndogo za mtoto. Alikuwa na ndevu za wiki nzima. Alimwona, akasimama, maji yakimtiririka mikononi.

"Wako hai, shemeji," alisema. "Wote wawili wako hai."

Akalia kwa sauti, bila haya, mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja zamu ya bomba. Wilkista alifurahi, Mungu shahidi. Na katikati ya furaha hiyo alisikia lile neno shemeji likirudi mahali pake, akajua yamekwisha.

Chepkemei alikuwa amelala sawa sasa, matofali yameondolewa. Kando yake, ndani ya pamba, kulikuwa na kitoto cha kike kidogo, hakifiki kilo mbili, kimekunja uso kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Shamba?" Chepkemei aliuliza kwanza.

"Limepita."

"Alikuta ngapi?"

"Mawili. Ekari zote nane."

Chepkemei akacheka, akashika mshono. "Mawili! Si nilikwambia ni jicho?" Akaona kibuyu. Uso ukatulia. "Nimiminie."

Alikunywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akameza.

"Mkaa umezidi," alisema. "Nani amesafisha?"

"Mimi. Kogo alinipa."

"Kogo alikupa wewe mwenyewe? Mkononi?"

"Mapajani."

Chepkemei alirudisha kikombe mezani polepole. "Hicho mama yangu alinipa siku ya ndoa. Kwetu, Wili, kibuyu cha mke hakisafishwi na mwanamke mwingine. Kikisafishwa, mwenyewe amezikwa, ama mahali pake pamepata mtu."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Kogo alijua." Akamtazama. "Na mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Juni daktari alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia mmoja wetu ataondoka, pengine wote wawili. Nikalala hapa miguu juu nikiwaza. Nikasema, nikifa, Kogo atamtafutia Kimeli msichana fulani huko mlimani, na mtoto wangu atalelewa kama mzigo wa kuni wa jirani. Afadhali nimtafute mtu mimi mwenyewe." Sauti yake haikutetemeka. "Nilijua Kimeli akimpata mtu wa kumsikiliza ataongea. Na nilijua wewe ukisikia utampenda. Nani asingempenda?"

Wilkista alisimama. "Ulinituma kama mbuzi wa mahari."

"Nilikutuma kama dada yangu."

"Dada huulizwa. Si ungeniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa!"

"Basi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta kwa adabu. Wilkista aliketi tena. Hapo, kwa muda kama wa kumenya ndizi moja, alimchukia Chepkemei kuliko wakwe wote wa Matulo wakichanganywa. Wale walimnyima nyumba tu. Huyu alimwonyesha moja, akamwacha aingie, akapime dirisha.

"Alikuambia?" Wilkista aliuliza. "Kimeli?"

"Jumanne, nilipofumbua macho. Alisema, nimekukosea moyoni. Nikamwambia najua, leta maji." Chepkemei alinyoosha mkono juu ya blanketi, ukakaa pale wazi, mwembamba, na alama za sindano. "Nilikupa nikidhani nakufa, Wili. Sasa sijafa. Nirudishie."

"Hakuna nilichochukua."

"Najua. Nirudishie hivyo hivyo."

Mtoto alitoa sauti ndogo. Wilkista alitazama ule mkono muda mrefu. Alikumbuka pikapu ya Matulo, na mkono huo huo ukishika cherehani upande mzito.

"Mfuko wangu uko kule," alisema hatimaye.

"Usiuendee. Nitautuma."

"Nguo zangu za kazi zimeanikwa."

"Zitakunjwa."

Wilkista akaushika ule mkono. Alitaka kuufinya kwa nguvu, akaufinya kidogo. Kisha akachukua kibuyu, akatoka hadi kwenye bomba, akamwaga maziwa yote, akakiosha kwa maji matupu mara tatu kuutoa mkaa wake, mpaka yakatoka safi. Kimeli alikuwa anaanika nguo kwenye kamba. Wilkista alimpita bila kumwita jina lolote, akamrudishia Chepkemei kibuyu chake kitupu.

*

Mfuko ulifika Kanduyi baada ya wiki, umeletwa na dereva wa lori la mbegu. Nguo zilikunjwa vizuri. Kitambaa cha buluu hakikuwemo, na Wilkista hakuuliza. Alishona. Watu walimwambia amekonda, akawaambia ni Kitale, baridi ya kule.

Desemba, siku ya soko, Chepkemei alisimama mlangoni pa kibanda amebeba mtoto mgongoni. Hawakuwa wameonana miezi minne. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Anabatizwa Krismasi," Chepkemei alisema. "Nimekuja ashonewe gauni."

"Mafundi hawako Kitale?"

"Wako." Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha buluu chenye maua meupe, kimepigwa pasi, akakiweka juu ya cherehani. "Kilikuwa ndani ya koti lake la kanisani. Mfuko wa ndani."

Wilkista hakukigusa.

"Sikuiba, sikumvizia," Chepkemei aliendelea. "Nilimwonyesha. Nikamuuliza, nimrudishie mwenyewe? Akasema sawa. Alisema haraka, Wili. Haraka sana. Halafu akaenda kukata kuni, na kuni zilikuwepo."

Nje mtu alikuwa anapatana bei ya vitunguu. Chepkemei alikuwa analia sasa, kimya, anajipangusa kwa kiganja, yeye ambaye hakulia hospitalini.

"Kwa hiyo usidhani nimerudishiwa chote," alisema. "Nilitaka ujue. Hukurudi mikono mitupu peke yako."

Wilkista alikichukua kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia kwenye droo ya vifungo. Kisha akazunguka meza, akafungua lesso mgongoni mwa rafiki yake, akampokea mtoto. Alikuwa mzito sasa, na alinukia maziwa.

"Mshike kichwa," alimwambia Chepkemei, "nimpime mabega."

Akapima, akaandika. Akatazama alichoandika, akaona ni mikwaruzo tu, si namba, akapima tena.